Alipoacha Kubishana

Sijawahi kumpenda mtu anayepiga kelele wakati nasahihisha hesabu, na kwa miaka mingi ofisi yangu ilitenganishwa na ofisi ya watu wawili wa aina hiyo kwa ukuta wa plaiwudi usiozuia hata kikohozi. Chuo chetu ni chuo cha ualimu. Upande wangu nilikuwa mimi na hesabu zangu. Upande wa pili walikuwa mwanamke mmoja na mwanamume mmoja waliokuwa wakitafiti namna watoto wanavyojifunza kusoma, na kwa walivyobishana ungedhani wanagawana urithi.

Yule mwanamke ndiye ninayetaka kumsimulia. Wanachuo walimwita Mwalimu Hapana. Hawakumwita hivyo usoni pake, lakini alijua, na nadhani alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Alifundisha darasa la kwanza muda mrefu kabla ya kurudi masomoni na kuwa mkufunzi kama sisi. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Nasema kamba ya kiatu kweli, nyeusi. Ukimletea jambo lolote, neno lake la kwanza lilikuwa hapana, ndipo alipoanza kulifikiria. Siku moja nilimwuliza kama hata posa ya marehemu mumewe aliijibu hivyo.

"Mara mbili," akasema. "Angekuwa wa mchezo angechoka ya kwanza."

Mwenzake nilimwita jirani, kwa sababu ya ule ukuta. Alikuwa mrefu, mpole mpaka anaudhi, mtu wa takwimu na majedwali. Alikuwa mdogo kwa umri, kwa hiyo alimwita dada, naye Mwalimu Hapana akamwita mdogo wangu, hata pale alipokuwa akimwambia kwamba alichokiandika kinafaa kufungia vitumbua.

Nimehudhuria warsha nyingi kuhusu ushirikiano katika utafiti. Mnagawanywa makundi, mnapewa karatasi kubwa na kalamu za rangi, mnaandika: kuaminiana, mawasiliano, kugawana majukumu, kuheshimu muda. Kisha mnabandika karatasi ukutani, mnapigiana makofi, mnakwenda kunywa chai. Sina ugomvi na maneno hayo. Ila mimi niliyekaa nyuma ya plaiwudi naujua ushirikiano wa watafiti kwa masikio yangu, na sijawahi kuukuta kwenye karatasi ya mtu.

Wao walikuwa na utaratibu wao. Walichagua kundi moja la watoto katika shule iliyo jirani na chuo, wakalifuata tangu darasa la kwanza, wakipanda nalo mwaka hadi mwaka. Wakienda darasani, dada alikaa mbele karibu na watoto, jirani akakaa nyuma. Wakirudi ofisini, hakuna aliyeruhusiwa kuandika alichokiona mwenyewe. Dada akisimulia, mdogo mtu anaandika. Mdogo mtu akisimulia, dada anaandika. Kila mmoja alikuwa karani wa mwenzake. Na karani akiona maneno aliyoambiwa hayana miguu ya kusimamia, anaweka kalamu chini.

Hapo ndipo kelele zilipoanzia.

"Andika, dada."

"Hapana. Umeona mtoto amelala, au umeona amefumba macho?"

"Amelala."

"Ulijuaje?"

"Alikuwa anakoroma!"

"Haya, sema hivyo basi. Mtoto alikoroma. Hilo naandika."

Wangeweza kukaa kwenye sentensi moja mpaka chai ipoe na mimi nipoteze hesabu niliyokuwa nayo. Nilikuwa nagonga ukuta kwa rula. Walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea kwa kunong'ona, na minong'ono ya watu wenye hasira inaudhi kuliko kelele.

Msidhani dada ndiye aliyekuwa akishinda siku zote. Kuna wakati alishikilia kwamba watoto wa darasa la pili wanasoma vizuri, jirani akakataa katakata, akisema wale wamekariri kitabu kizima kama wimbo na hawasomi chochote. Dada alinuna. Ikabidi wageuze kitabu, wawape watoto kurasa kuanzia mwisho, na darasa zima likakwama. Mwalimu Hapana hakusema na mtu kwa siku kadhaa. Kisha akaja asubuhi moja na mkate mzima ndani ya gazeti, akautua juu ya meza ya jirani kwa kishindo. "Umeshinda. Kula!" Nilikatiwa na mimi kipande, kama fidia ya kelele.

Lakini kulikuwa na sentensi moja ambayo haikuwahi kupita. Jirani alikuwa na jedwali lake. Lilionyesha kwamba watoto ambao wazazi wao hawaji kwenye mikutano ya shule ndio wanaochelewa kusoma. Kutokana na jedwali hilo alitaka waandike kwamba watoto hawa hawasomi kwa sababu wazazi wao hawajali elimu. Alilileta jambo hilo kila mwaka, na kila mwaka dada aliweka kalamu chini.

"Tumefika kwao?" alikuwa akiuliza. "Tumewauliza kwa nini hawaji? Basi tunachokijua ni kwamba kiti kilikuwa kitupu. Andika kiti, usiandike moyo wa mtu."

"Dada, takwimu zinasema."

"Takwimu zimesema kiti. Wewe ndiye unayesema moyo."

Sentensi ikabaki nje. Na kwa kuwa walikuwa watu wa kuchukua tahadhari, hata walipoandikiana mkataba na chuo kikuu kimoja cha mbali kilichokubali kushirikiana nao, walisisitiza kiingizwe kifungu chao wenyewe: hakuna sentensi itakayoingia wala kutoka katika ripoti bila wote wawili kukubali. Wenzao wa mbali walicheka, wakakikubali.

Basi ikafika wakati wa kuandika ripoti ya mwisho, maana watoto walikuwa wamefika darasa la saba. Na hapo kelele zikaisha.

Mwanzoni nilishukuru. Nilisahihisha marundo kwa marundo, roho yangu kwatu. Baadaye sikio likaanza kuniwasha. Nilikuwa nasikia jirani akisoma aya nzima, kisha sauti ya dada, laini, "Sawa, mdogo wangu." Aya nyingine. "Sawa." Sikuamini. Nikaacha kazi, nikatega sikio kama mmbea. Sawa, sawa, sawa, mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Nilimfuata jirani kwenye bomba la maji, alipokuwa akisuuza vikombe.

"Mwenzako ana nini?"

"Hana kitu. Tumekomaa tu. Baada ya miaka yote hii hatimaye tunaelewana."

"Watu hawaelewani ghafla namna hiyo."

Akacheka. "Wewe mtu wa ajabu. Tukipiga kelele unagonga ukuta, tukinyamaza unakuja kulalamika bombani. Tufanyeje sasa?"

Alikuwa na furaha kiasi kwamba ungeona vibaya kumharibia. Kwa miaka yote ile alikuwa akipambana na hapana, na sasa kurasa zilikuwa zinatiririka. Alianza kuandika peke yake, kwa sababu dada alisema macho yanamsumbua na kalamu inamchosha. Alimsomea, dada akaitikia. Ile sentensi ya wazazi aliileta tena, nadhani kwa mazoea, akijua atakataliwa. Nilisikia akiisoma. Nilijikuta nimeshikilia rula yangu nikisubiri mlipuko.

"Sawa, mdogo wangu," dada akasema. "Umeandika vizuri."

Wiki ileile aliingia ofisini kwangu asubuhi, akatundika mkoba wake kwenye msumari wangu, akakaa kwenye kiti changu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chaki zangu. "Umenihamisha?" nikamtania. Akatazama meza, akatazama ukuta, akacheka sana, mimi nikacheka naye. Alipotoka alisimama kwenye korido akiangalia milango yote kabla ya kuchagua mmoja.

Siku ya kuwasilisha ripoti, ukumbi wa chuo ulijaa. Wageni wa chuo kikuu kile walikuja, wakiongozwa na profesa mmoja aliyevaa suti iliyomkaa sawasawa. Walikuwepo pia walimu wa shule za karibu, wengi wao wanafunzi wa zamani wa Mwalimu Hapana. Jirani aliwasilisha. Dada alikaa kando yake mezani, amevaa gauni lake zuri, akitabasamu kwa kila mtu.

Profesa alisimama kusifu. Alisema amesimamia tafiti nyingi, na nyingi huishia watafiti wakiwa hawasalimiani. "Lakini hawa wawili," akasema, "kurasa zote hizi, na hakuna alama hata moja ya mgongano. Huu ndio ushirikiano tunaoutaka." Watu wakapiga makofi. Nilimwangalia jirani akiinamisha kichwa kwa aibu ya furaha, na kwa kweli nilitamani kugonga meza kwa rula.

Kisha mwalimu mmoja mwanamke akanyoosha mkono katikati ya ukumbi. Alikuwa na ripoti mkononi, kidole kikiwa katikati ya kurasa.

"Mwalimu, shikamoo," akamwelekea dada. "Hapa mmeandika kwamba watoto hawa hawasomi kwa sababu wazazi wao hawajali. Wewe ndiye ulinifundisha nisiandike hivyo bila kufika nyumbani kwa mtu. Ulinirudishia kazi yangu kwa ajili hiyo hiyo. Sasa nauliza kwa heshima, umeona kitu gani kipya?"

Jirani alimsogezea dada kipaza sauti. Alikishika vizuri tu.

"Sawa," akasema. "Sawa kabisa."

"Sawa nini, mwalimu?"

Mwalimu Hapana aliendelea kutabasamu. Aliangalia ukumbi mzima, safu kwa safu, kisha akamgeukia mwenzake na kumwuliza kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa mdomoni pake na kila mtu alisikia: "Mdogo wangu, hawa watu wote wamekuja kutuona sisi?"

Waliomjua kwa utani wakacheka, wakidhani anamchokoza profesa. Jirani hakucheka. Nilimwona akimtazama usoni kwa makini, kama mtu anayemtazama kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alichukua kipaza sauti taratibu mkononi mwake, akakizima.

Binti wa dada alikuja kumchukua. Sisi watatu tulisimama nyuma ya ukumbi, dada akiwa ameshakaa ndani ya gari na kufungwa mkanda. Binti alituambia kwamba daktari alishasema zamani kidogo, ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba utaendelea.

"Kwa nini hukuniambia?" jirani akauliza.

"Mjomba, nilidhani unajua," binti akasema, na machozi yakamtoka. "Wewe ndiye unayeshinda naye kutwa nzima. Kila jioni namwuliza mama kazi imekwendaje, ananiambia mmekubaliana kila kitu. Nikasema, mjomba amejua, anamlinda mama."

Nilimwonea jirani huruma mpaka ikanikata maini. Katika watu wote, yeye ndiye aliyepaswa kujua kwamba mwanamke yule hawezi kukubali kila kitu. Hakuna daktari aliyekuwa na kipimo bora kuliko alichokuwa nacho yeye mezani. Lakini mtu akikunyima jambo miaka na miaka, siku akikupa hufikirii kwamba anaumwa. Unafikiri umeshinda.

Mkuu wa chuo alimwita jirani siku iliyofuata. Ripoti ilikuwa inakwenda kuchapwa, na sura ya mwisho ingetolewa kama mwongozo kwa walimu wote wapya. Jirani alimwomba amsubiri. Alisema kuna sentensi imeingia kimakosa na walimu wataitumia kuwasema wazazi. Mkuu, ambaye si mtu mbaya, alimwambia aiondoe tu.

"Siwezi peke yangu," jirani akasema. "Tulikubaliana. Hakuna sentensi inayoingia wala kutoka bila wote wawili."

Nilipata habari hiyo kutoka kwake mwenyewe, na nikapandwa na hasira.

"Iliingiaje?" nikamwuliza. "Ilipoingia mlikuwa wawili?"

"Ndiyo maana siwezi kuitoa hivyohivyo," akasema. "Nikiitoa peke yangu, basi ni kweli kwamba nilikuwa peke yangu. Kazi yote hii itakuwa yangu. Sitaki iwe yangu."

Nilimwambia hizo ni akili za mtu asiyelala. Lakini niliporudi upande wangu nilishindwa kusahihisha chochote, kwa sababu nilimwelewa.

Siku zilizofuata nilisikia mambo ambayo sitaki kuyasikia tena. Alikuwa akisoma ripoti kwa sauti, peke yake. Akifika penye shaka alinyamaza, kisha akasema "Hapana, mdogo wangu," akijaribu kuishusha sauti na kuikwaruza kama ya dada. Halafu akajijibu. Kisha akajikataa tena. Siku ya kwanza nilidhani kuna mtu amekuja kumtembelea. Siku ya pili nilielewa, na sikugonga ukuta.

Nilijitolea. Nilikwenda nikakaa kwenye kiti cha dada, nikamwambia anisomee, nitabisha. Nami kubisha najua, muulize yeyote. Nikabisha kweli, nikakunja uso, nikapiga meza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Asante sana. Ila wewe unabisha maneno. Yeye alikuwa anawaona watoto." Sikukasirika. Alikuwa na haki.

Kiwanda cha uchapaji kilikuwa kinangoja. Mkuu alimpa mpaka mwisho wa wiki, baada ya hapo ripoti ingekwenda kama ilivyo. Jirani akaniomba nimsindikize nyumbani kwa dada. Alitaka kumsomea ile sura mara moja tu, mchana, wakati ambao binti alisema kichwa chake huwa chepesi. "Pengine itamgusa," alisema njiani. "Mambo mengine yanaondoka, lakini lile ndilo alilolipigania kuliko yote. Akilikataa hata kwa kutikisa kichwa, inanitosha."

Tulimkuta sebuleni, kwenye kiti cha mbao chenye mto mgongoni, karibu na dirisha. Alikuwa amesukwa nywele vizuri. Televisheni ilikuwa imewashwa bila sauti. Alitupokea kwa uchangamfu, karibuni, karibuni, akamwambia binti yake atuletee chai, na hakututaja kwa jina lolote. Kisha akaona karatasi mikononi mwa jirani.

"Umekuja kusoma?" akamwuliza.

"Ndiyo, dada."

"Njoo hapa basi, penye mwanga."

Alimwonyesha kigoda kilichokuwa miguuni pake. Jirani, na urefu wake wote, alikikalia, magoti yakampanda mpaka kifuani. Akafungua sura ya mwisho, akaanza. Kurasa za mwanzo alisoma kwa sauti imara, na dada alimfuatisha kwa midomo bila kutoa sauti, akiinamisha kichwa kila baada ya nukta. Jirani alinitupia jicho. Niliona tumaini usoni pake, likaniogopesha.

Alipofika pale, akapunguza mwendo. "Watoto hawa hawasomi kwa sababu..." Akaanza upya. "Watoto hawa hawasomi kwa sababu wazazi wao..." Sauti ikakatika. Alijikaza, akarudia kutoka mwanzo wa mstari, akakwama palepale.

Dada alinyoosha mkono, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa, akaufunika ule mstari wote.

"Hilo liache, mwanangu," akasema. "Ni gumu. Soma lile unalolijua."

Jirani aliinua uso. "Tuliondoe, dada? Unalikataa?"

"Liache," akasema tena kwa upole, huku mkono mwingine ukimpapasa kichwani. "Usilie. Wengi wanakwama hapo, kisha wanajua. Unasoma vizuri sana. Leo ukifika nyumbani, mwambie mama yako nimesema unasoma vizuri."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai. Aligeuka akairudisha jikoni. Mimi nilitazama televisheni, sijui ilikuwa inaonyesha nini. Kichwa kikiwa bado chini ya mkono wa dada, jirani akasema, "Nitamwambia, mwalimu." Akaendelea kusoma kuanzia mstari wa chini, taratibu, mpaka mwisho wa ukurasa, na dada akampigia makofi.

Tulipotoka, alisimama nje ya geti, akaegemeza karatasi ukutani, akatoa kalamu na kuikata ile sentensi kwa mstari mmoja mnyoofu. Pembeni aliandika kwamba imeondolewa kwa uamuzi wa watafiti wote wawili. Alikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akanitazama machoni.

"Umeona alivyolikataa?" akaniuliza.

Mimi mtu wa hesabu, sijui kudanganya, na uso wangu huwa unanisaliti. Nikatazama barabara.

"Nimeona," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akanishukuru, akatangulia kwa haraka kuwahi ofisi ya mkuu kabla haijafungwa. Nilimwacha aende mbele, maana nilikuwa nalia na sikutaka anione.